Mita 10.8 Mbele ya Nyumba Yangu

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na ugomvi na jirani yangu juu ya kipande cha barabara ambacho si changu wala si chake. Hatukuwahi kutukanana, wala hakuna siku tuliyopandishiana sauti. Ulikuwa ule ugomvi wa salamu zinazopungua wiki hadi wiki mpaka zinabaki kukohoa tu mnapopishana, wa kubamiza mlango wa gari kupita inavyohitajika, na wa kuchungulia dirishani kila injini inapozimwa nje. Nauandika sasa kwa kuwa naweza kuusimulia bila mishipa ya shingo kunitoka, na kwa kuwa kila ninapoutaja mbele za watu hapakosi mmoja wa kusema kwamba mtaani kwake nako mambo ni hayohayo.

Hali yenyewe ni rahisi kuieleza. Nyumba yangu haina geti la gari. Ya jirani inalo, lakini ua wake unatosha gari moja tu, nalo ni la mkewe, kwa hiyo gari lake yeye hulala nje kama langu. Mbele ya nyumba yangu, na kuvuka kidogo hadi kwenye ukuta wake, kuna kipande cha ukingo wa barabara kisicho na geti, nguzo wala alama ya kukataza. Nilipohamia nilianza kuegesha hapo, na baada ya miezi michache nikawa nasema "pale pangu" bila kujisikia. Hakuna aliyenipa. Nilipazoea tu, na mazoea yakikaa sana hujivika kanzu ya haki.

Jioni ya kwanza nilipokuta gari la jirani limesimama "pale pangu" nilichukulia kuwa ni bahati mbaya. Jioni ya tatu nikaona ni dharau. Jioni ya sita nikaingia ndani, nikachana karatasi kwenye daftari la mtoto, nikaandika: "Tafadhali usiegeshe gari lako mbele ya nyumba yangu. Nimevumilia vya kutosha." Nikaipachika chini ya waipa ya kioo cha mbele na kwenda kulala nikiwa nimeridhika kabisa. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nilipotazama kupitia pazia nilimwona jirani ameibandua ile karatasi kwenye kioo kwa kucha, anaigeuza huku na huku dhidi ya mwanga, wino wote umetapakaa. Sijui aliweza kusoma nini. Neno lililokuwa limeandikwa kwa nguvu zaidi lilikuwa "nimevumilia", na kama ndilo pekee lililosalimika, basi alipokea kutoka kwangu ujumbe wa mtu anayelalamikia maisha kwa jumla.

Ningependa kukaa kidogo kwenye hiyo karatasi, maana naamini ndipo tulipopotea. Jirani yangu alikuwa hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu. Ningeweza kupiga hodi. Nilichagua kuandika kwa sababu maandishi hayajibu, nami sikutaka jibu, nilitaka amri yangu itiiwe. Yeye naye, alipokuwa amepokea neno lisilo na uso wala sauti, alijaza mwenyewe sauti iliyokosekana, na nina hakika aliyoijaza ilikuwa kali kuliko yangu. Tangu siku hiyo hakuegesha hapo kwa kubahatisha tena. Alianza kuwahi.

Nami nikaanza kuwahi. Ikifika saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu kazini. Nilikataa mialiko ya jioni kwa sababu kuondoka kulimaanisha kurudi na kukuta pameshachukuliwa. Jumamosi gari halikutoka kabisa. Nilitembea kwa miguu kwenda mahali ambapo zamani ningekwenda kwa gari, ili tu gari libaki likilinda nafasi. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyeyashughulikia masuala ya maegesho kwa miongo kadhaa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba gari la kawaida hukaa limeegeshwa takriban asilimia 95 ya muda wake. Langu mimi nadhani lilikaribia 99. Nilikuwa nimenunua chombo cha kunipeleka mahali, nikakigeuza jiwe la mpaka.

Kuna jambo jingine la aibu ambalo ni lazima nilikiri. Asubuhi, nilipokuwa natoka, mara nyingine jirani alikuwa akirudi kutoka kuwapeleka watoto, akapunguza mwendo na kusubiri nitoke. Nilipomwona tu, nilikumbuka kwamba kioo cha pembeni hakijakaa sawa. Nilirekebisha kiti. Nilifungua na kufunga kisanduku cha mbele. Baadaye nilikuja kujua kwamba tabia hii imewahi kuchunguzwa: mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti walioufanya kwenye maegesho ya jengo la maduka, wakapima muda ambao madereva walitumia kuondoka, na wakakuta kwamba dereva anayesubiriwa na mwenzake huchelewa kuondoka kuliko asiyesubiriwa, na akipigiwa honi huchelewa zaidi. Yaani mtu ambaye tayari ameshaamua kuondoka, na ambaye nafasi ile haitamfaa kitu baada ya dakika moja, bado huing'ang'ania kwa sababu mwingine ameonyesha kuwa anaitaka. Niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Katika kipindi hicho nilikuwa na hakika kwamba sheria iko upande wangu, na kama wagomvi wengi nilikuwa sijaisoma. Nilipoisoma ya kwetu na ya kwingine, nilikuta kwamba katika nchi nyingi jambo hili haliachi utata: barabara ya umma ni ya umma mpaka kwenye kizingiti cha ukuta wako, na kumiliki nyumba hakukupi umiliki wa lami iliyo mbele yake. Unachoweza kudai ni kutozibiwa geti, kwa maana hapo unazuiwa kutoka au kuingia kwako, na hilo ni suala tofauti kabisa na kukosa mahali pa kuweka gari. Hata pale ambapo serikali za mitaa hutoa vibali vya maegesho kwa wakazi, kibali kwa kawaida hakimpi mtu nafasi mahususi. Humpa ruhusa ya kuitafuta katika eneo fulani, na vibali vikiwa vingi kuliko nafasi, mwenye kibali anazunguka kama asiyekuwa nacho.

Vibali vyenyewe vilipata kupingwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Wilaya ya Arlington, katika jimbo la Virginia, ilikuwa imezuia wasio wakazi kuegesha mchana katika mtaa mmoja uliokuwa ukifurika magari ya watu wanaofanya kazi jirani na hapo. Wenye magari hayo walidai kwamba ni ubaguzi kumpa mkazi haki kwenye barabara ya wote. Mwaka 1977 mahakama iliamua kwamba utaratibu huo haukuvunja katiba, kwa kuwa kupunguza msongamano, kelele na uchafuzi wa hewa mitaani ni lengo halali. Lakini angalia kilichoamuliwa: mtaa unaweza kulindwa dhidi ya wageni. Kuhusu mkazi dhidi ya mkazi mwenzake, mlango wa tatu dhidi ya mlango wa nne, kibali hakina la kusema, kwa sababu wote wawili wanacho.

Wajapani walilikamata suala hili mwanzoni kabisa. Kwa sheria ya mwaka 1962, anayetaka kusajili gari hutakiwa kwanza kupata cheti cha polisi kinachothibitisha kwamba ana mahali pa kuliweka nje ya barabara, na mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Yapo maeneo na magari madogo yanayosamehewa, lakini msingi ndio huo: barabara si banda la gari. Nauheshimu utaratibu huo, ila siwezi kujifanya kwamba ungenipendeza, kwa sababu mimi na jirani yangu wote tungekosa cheti.

Na huko Boston, theluji inapoanguka, mtu aliyeifukua nafasi kwa koleo huiwekea kiti au koni, na jiji huvumilia desturi hiyo kwa saa 48 baada ya tangazo la dharura ya theluji kuisha. Hapo angalau naielewa hoja: amepatolea jasho. Mimi sikufukua chochote. Hata hivyo, kuna wiki mbili ambazo niliweka ndoo mbili na ubao kati yake, na sikuviondoa mpaka siku moja nilipovikuta vimepangwa vizuri kabisa mlangoni kwangu, ubao umefutwa vumbi. Heshima ile iliniuma kuliko kama vingetupwa mtaroni.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa hekima. Nilitaka kushinda. Nilikuwa nimepanga kuandika malalamiko rasmi kwa ofisi inayohusika, na nikaona kwamba malalamiko yenye vipimo yataonekana ya mtu makini. Basi Jumapili moja, alfajiri, wakati mtaa bado umelala, nilitoka na tepu ya kupimia ya fundi, daftari na kalamu. Upande wetu wa barabara, kutoka kona hadi kona, ulikuwa na urefu wa mita 78. Nikatoa mita 10 kila mwisho, kwa kuwa ndicho kipimo cha kukaa mbali na njia panda kinachotajwa katika kanuni za barabarani za Uingereza, nami nilikijua hicho tu. Zikabaki 58. Kisha kuna mageti manne, kila moja likihitaji mita 4 ili gari likate kona na kuingia. Zikabaki 42. Gari kama langu lina mita 4.4. Nikagawanya haraka kichwani nikapata magari tisa, na kwa kuwa magari yanayolala nje upande wetu ni tisa, nikajiambia: kumbe tunatosha, mwenye kosa ni yule yule.

Tatizo ni kwamba mita 42 hazikuwa zimelala pamoja. Mageti yalikuwa yamezikata vipande vitano, na kila kipande kilipaswa kupimwa peke yake. Nilikuwa nimeinama nikijaribu kukizuia kichwa cha tepu kwa kijiwe, nacho kinachomoka kila nikivuta, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Jirani, unajenga?"

Alikuwa amesimama getini kwake, mswaki mdomoni, taulo begani. Niliona usoni mwake kwamba anahofia nguzo. Mtu anayepima barabara alfajiri mbele ya ukuta wako hana nia njema, na kwa kweli sikuwa nayo.

"Sijengi," nikamjibu. "Napima tu."

"Unapima nini?"

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamwambia kwamba napima nafasi za magari. Akatazama tepu, akatazama kijiwe, akaja na ndala zake na kukanyaga kichwa cha tepu kwa kisigino. "Vuta," akasema, maneno yakipita pembeni mwa mswaki. Nikavuta. Kipande kilicho mbele ya nyumba yangu na ukuta wake kilikuwa mita 10.8.

Gari langu lilikuwa hapo, katikati, pale ambapo huwa naliweka siku zote, kwa sababu katikati hupendeza na kwa sababu hivyo hakuna wa kunigusa mbele wala nyuma. Tulipima lilipobaki: mita 3.2 mbele, mita 3.2 nyuma. Hakuna gari la mtaa wetu linaloingia katika mita 3.2. Lakini magari mawili ya mita 4.4 ni mita 8.8, na ukiongeza mita moja kati yao ili kila moja lipate kutoka ni 9.8. Ilibaki mita nzima. Kwa miaka miwili tulikuwa tukigombea nafasi moja mahali palipo na nafasi mbili, na aliyewahi kufika, awe mimi au yeye, alikuwa akiila ya mwenzake bila kujua. Jirani aliliona hilo kabla yangu. Alitoa mswaki, akatema kando, akasema, "Kwa hiyo tungesogea."

Tuliendelea mpaka mwisho wa mtaa, yeye akikanyaga na mimi nikisoma. Vipande vilikuwa mita 11.4, mita 5.2, mita 10.8, mita 8.1 na mita 6.5. Vile virefu viwili vinachukua magari mawili mawili, vingine moja moja, kwa hiyo mtaa unatosha magari saba, si tisa kama nilivyodhani. Kile cha mita 8.1 ndicho chenye kudanganya zaidi: kila apitaye anakiona kikubwa na kumlaumu aliyeegesha kwamba amejitandaza, kumbe gari la pili halitoshi hata mkibanana. Upungufu wetu halisi ni wa nafasi mbili. Lakini kila usiku ambapo mtu ameegesha katikati ya vipande virefu, upungufu unakuwa wa nafasi nne, na zile mbili za ziada tumezitengeneza wenyewe. Sijawahi kusikia mtu akigombana kuhusu zile mbili za kweli. Ugomvi wote wa mtaa uko kwenye zile za kujitakia.

Tulipovuka kupima upana ndipo nilipokosa raha kabisa. Barabara yetu ina mita 6.8. Magari yenye upana wa mita 1.8 yakisimama pande zote mbili, katikati hubaki mita 3.2, na kwa kuwa hakuna anayegusa ukingo sawasawa, hubaki kama 3. Mwongozo wa majengo wa Uingereza hutaka gari la zimamoto lipate njia ya mita 3.7 kati ya ukingo na ukingo. Gari lenyewe lina upana wa kama mita 2.5, kwa hiyo linaweza kujipenyeza, lakini watu wa kuzima moto huhitaji kufungua milango na kushusha vifaa, si kupita tu. Miaka miwili nimekesha dirishani kulinda mahali pa gari langu, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza kama msaada ungefika kwenye nyumba ninayochungulia kutoka ndani yake.

Hatukuombana radhi. Nadhani tungelifanya jambo kubwa kuliko lilivyokuwa. Jioni ya siku hiyo nilikuta gari lake limesogea mpaka mwanzo wa geti lake bila kuliziba, nami nikasogea upande wangu mpaka mwisho wa ukuta, na kati ya bampa zetu ikabaki nafasi ya mtu kupita akiwa na mfuko mkononi. Tulikuwa tumekubaliana kwa maneno matatu na tepu. Yale malalamiko rasmi sikuyaandika, kwa sababu kwa kila kipimo nilichokuwa nacho mshtakiwa wa kwanza angekuwa mimi.

Nisije nikaeleweka kwamba mtaa umetulia. Magari bado ni tisa na nafasi bado ni saba, na kwa hiyo kila usiku kuna wawili wanaoegesha barabara ya nyuma na kurudi kwa miguu, mara nyingi walewale wanaofanya kazi mpaka usiku, jambo ambalo si haki hata kidogo na sina dawa yake. Jirani alipendekeza tuzungushe zamu. Tulijaribu kulizungumza na wenzetu, wanne wakakubali, mmoja akasema kwamba ameishi hapa kabla yetu sote, na mwingine hakufungua mlango ingawa taa ilikuwa inawaka. Upande wa pili wa barabara kuna mzee aliyekwisha kuweka koni ya rangi ya machungwa, ambayo huitoa kila asubuhi na kuirudisha ndani jioni kama mtu anayefuga kuku.

Hata sisi wawili hatujapona. Wiki iliyopita nilichelewa kurudi nikakuta gari nisilolijua limesimama katikati ya kipande chetu, katikati kabisa, kana kwamba lilipimwa. Moyo ulinienda mbio kama zamani. Nilishasimama, nimeshusha kioo, naangalia namba yake, mara jirani naye akaja kutoka upande wa pili, taa zake zikanimulika, akasimama ubavuni mwangu.

"Ni mgeni wako?" akauliza.

"Nilidhani ni wako."

Tulilitazama gari lile kwa muda, injini zetu zikiunguruma katikati ya barabara ambayo kwa wakati huo hakuna ambaye angeweza kupita.

"Ungetoka na ile tepu," akasema, akaingiza gia, nami nikamfuata barabara ya nyuma.